Pini ya mtandio na deni la dola 15

Bibi harusi akishavishwa, pini ndizo zinazoshika mtandio, shela na ile sehemu ya gauni iliyogoma kukaa. Basi shoga zetu, kidude hiki kilizaliwa kwenye deni.

Walter Hunt, fundi wa New York, Marekani, alikuwa anadaiwa dola 15. Mwaka 1849 akachukua waya mmoja akaukunja: huku mzunguko unaofanya kazi ya springi, kule kikofia cha kuficha ncha isichome. Haki ya uvumbuzi akaiuza kwa dola 400. Deni likaisha, faida wakala wengine.

Linalotugusa zaidi sisi mafundi ni hili. Miaka kama 15 nyuma, Hunt alikuwa ameshatengeneza cherehani, sindano yake ina tundu karibu na ncha kama hizi zetu. Hakuiandikisha. Inasimuliwa binti yake alimwambia itawanyima riziki wanawake wanaoshona kwa mkono. Elias Howe akaandikisha yake 1846, Isaac Singer 1851. Hunt alipokuja kudai, ikakubalika kwamba alitangulia, lakini haki ikabaki kwa Howe. Mwaka 1858 Singer alikubali kumlipa dola 50,000. Hunt akafariki 1859 kabla hazijamfikia.

Sisi cherehani ndiyo inatulisha, ila hofu ya yule binti tunaielewa. Shati lililokula saa 14 za mkono wa mwanamke, mashine ililimaliza kwa saa moja na robo hivi.