Kabla Hawajaipanga Kwa Vonza, Tukumbuke 1938

Wangapi kati yenu mmepita Muindi Mbingu Street pale Nairobi mkielekea City Market, na hamjawahi kujiuliza huyo Muindi alikuwa nani? Nyuma ya jina hilo kuna ripoti ya mtaalamu. Mimi naishi Kwa Vonza, Kitui, mji unaokua kila wiki, na kadiri ninavyousoma huo mkasa ndivyo naona unatuhusu sisi wa leo.

Mwaka 1937 afisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliandika ripoti kuhusu mmomonyoko wa udongo Machakos. Alieleza makorongo, vilima visivyo na nyasi, udongo uliosombwa na mvua. Tusimsingizie, hali ilikuwa mbaya kweli. Shida ilikuja kwenye dawa: ati Wakamba wana ng'ombe wengi mno, kwa hivyo wapunguzwe. Kwamba walowezi walikuwa wamechukua malisho ya milima ya Mua, na kwamba nyanda za Yatta zilikuwa zimefanywa ardhi ya serikali ambayo huwezi kulisha utakavyo, hayo yaliwekwa kando. Mwaka 1938 ng'ombe wakaanza kuchukuliwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Na mwaka huo huo kiwanda cha nyama cha Liebig's kilikuwa kimefunguliwa Athi River, kikihitaji ng'ombe. Sijui kama mnaelewa hiyo hesabu.

Watu hawakukaa kimya. Muindi Mbingu na wenzake wa Ukamba Members Association walikusanya maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, wakaenda Nairobi kumwona Gavana. Walipiga kambi huko wiki kadhaa. Muindi alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini kabla mwaka haujaisha serikali ilikuwa imeacha kuwalazimisha watu kuuza mifugo.

Sasa hebu tulia hapo kidogo. Siku hizi kila mkutano wa wasomi utasikia wimbo ule ule: utafiti haufiki kwa watunga sera, unakaa kwenye rafu. Ni kweli. Lakini ule wa 1937 ulifika! Ulifika haraka, na ndani ya mwaka mmoja ukawa amri. Ambaye hakufikiwa ni mwenye ng'ombe. Hakuna aliyemsomea ripoti wala kumuuliza alichokuwa anajua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Miaka zaidi ya hamsini baadaye, watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walirudi Machakos, wakati huo ikihesabiwa pamoja na Makueni. Walichukua picha zilizopigwa 1937, wakaenda mahali pale pale, wakapiga tena. Kitabu chao kilitoka 1994. Idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, na mashamba yalikuwa na hali nzuri kuliko zamani. Si ati mkoloni hakuwa amejaribu matuta. Aliyalazimisha sana, na watu wakayachukia. Yaliyoshika ni ya "fanya juu", yale ya kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu. Wakulima waliyachagua wenyewe na kuyachimba kwa mwethya, kazi ya kijiji ya kusaidiana. Leo ukifungua vitabu vya kilimo vya nje utalikuta hilo neno, fanya juu, bila kutafsiriwa.

Hiyo ni ya shamba, utasema, na sisi ni watu wa town. Haya, twende Mukuru, Nairobi. Kaya zaidi ya 100,000, vyumba vya mabati, na ardhi ambayo hati zake zilikuwa mikononi mwa watu wengine kabisa. Muungano wa Wanavijiji na washirika wao, wakiwemo watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Strathmore, na Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, walifanya utafiti ambao wakaazi wenyewe walishiriki kukusanya data. Walionyesha jambo ambalo kila mama wa Mukuru alilijua tayari: maskini analipa bei kubwa zaidi kwa mtungi wa maji kuliko mwenye bomba ndani ya nyumba. Tofauti ni kwamba sasa lilikuwa na hesabu. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la kupangwa, na kuanzia 2020 barabara na mabomba yakaanza kuingia.

Sitawauzia ndoto lakini. Mwishoni mwa 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kufungua njia ya barabara, na maelfu wakalala nje. Mpango wenye sahihi haukuwa ngao. Ila watu walipodai haki yao, walikuwa na ramani, takwimu, na watu waliozoea kukaa pamoja. Anayeanza kujikusanya siku tingatinga linapofika amechelewa.

Ndiyo narudi Kwa Vonza. Chuo kilipoanza hapa 2008 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha 2013 kikawa South Eastern Kenya University, soko la kando ya barabara likaanza kugeuka mji. Hosteli za ploti, vibanda vya chakula, boda kila kona. Maji ni ya kutafuta, na maji machafu ya hosteli mpya yanakoenda si swali la kuulizwa baadaye. Siku moja kutakuja mpango wa mji wenye ramani ya rangi nzuri. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, na sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inataka rasimu itangazwe watu watoe maoni. Lakini utatoa maoni gani kwa kitu kilichoandikwa kwa lugha ya wataalamu, unachokiona siku ya mkutano tu?

Kwa hivyo ombi langu ni kwenu mnaoandika tasnifu kuhusu maji, taka, nyumba ama barabara, kokote mlipo. Kabla ya gauni na picha za mahafali, toa kurasa mbili za Kiswahili ama Kikamba. Ofisi ya kaunti ipate nakala, sawa. Lakini nyingine ipeleke kwa baraza la chifu, uisome kwa sauti, halafu ukae chini mama wa kibanda akwambie ulipokosea. Hiyo sehemu ya kukosolewa ndiyo haikufanyika 1937.