Polisi na wasomi: nani amchunguze nani?

Nimeadimika kidogo, madesa yamenibana, ila nipo. Leo naleta historia, maana ndilo somo nitakalofundisha Mungu akijalia.

Sisi wa Kirua Vunjo tumekua tukijua kwamba Moshi ni mji wa kahawa, mlima na CCP. Vijana wanatoka kila pembe ya nchi kuja kupikwa hapo Chuo cha Polisi. Na mji huohuo una vyuo vikuu: Ushirika (kilichoanza 1963 na kuwa chuo kikuu kamili 2014), Mwenge, na wale wa KCMC. Sasa mimi najiuliza, hawa majirani wanaulizana nini?

Wazo la polisi kukaa na wasomi ni la zamani. Mwaka 1916 mkuu wa polisi wa Berkeley kule Marekani, August Vollmer, aliwashawishi Chuo Kikuu cha California waanze masomo ya kipolisi. Chekesho ni kwamba mwenyewe shule yake iliishia madarasa ya chini.

Lakini kumfundisha askari ni kitu kimoja, kumpima ni kingine. Mjini Minneapolis, 1981 hadi 1982, mtafiti Lawrence Sherman na polisi wa mji walifanya jambo la ajabu. Askari akiitwa kwenye ugomvi wa nyumbani, la kufanya liliamuliwa kwa bahati nasibu: amkamate aliyepiga, amtoe nyumbani kwa saa 8, au awape ushauri. Matokeo ya 1984, yeye na mwenzake Richard Berk, yalionyesha kwamba waliokamatwa walirudia kupiga kwa kiasi kidogo zaidi. Majimbo mengi yakabadili sheria harakaharaka. Jaribio liliporudiwa miji mingine, majibu yakagongana: Milwaukee, kwa mfano, kumkamata mtu asiye na kazi kulionekana kumzidishia ukali. Hapo ndipo ninapowapenda watafiti, wanarudi kujipinga wenyewe.

Tuje kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi walichoshwa na wezi wa ng'ombe, wakaanzisha Sungusungu. Hakuna profesa aliyewatuma. Wasomi walikuja baadaye kuuliza maswali: Ray Abrahams wa Cambridge, na Mtanzania mwenzetu Sufian Bukurura aliyeandika shahada yake ya udaktari juu ya hao hao. Serikali ikawapa nafasi kisheria 1989. Kisha IGP Said Mwema, aliyeshika ofisi 2006, akaja na polisi jamii, na msamiati wa ulinzi shirikishi ukaingia hadi kwenye mikutano ya kijiji.

Je, inafanya kazi? Jibu zito ninalolijua linatoka kwa jirani. Polisi wa Uganda walikubali kupimwa na watafiti wa vyuo vikuu, akiwemo Guy Grossman wa Pennsylvania, katika utafiti wa nchi sita uliotoka kwenye jarida la Science mwaka 2021. Maeneo mengine yalipata polisi jamii, mengine hayakupata, kwa nasibu. Wote tulitaka kusikia kwamba imani imepanda na wizi umeshuka. Wapi! Kwa ujumla wa nchi hizo hakuna kilichosogea cha maana. Watafiti wakataja sababu ambazo hata meku wa kijijini angezitaja bila shahada: wakuu wanahamishwa katikati ya kazi, wakubwa hawaipi kipaumbele, na askari hana nyenzo za kufuatilia kile ambacho wananchi wamemwambia.

Hiyo ya mwisho ndiyo imenikaa. Unaitisha mkutano, watu wanasema yao, wanawataja hata wanaowaogopa, halafu gari halina mafuta. Aliyesema anabaki anajulikana, na mgomba wake uko palepale kando ya njia.

Mimi nawapa polisi wa Uganda heshima yao kwa kufungua mlango. Taasisi nyingi zinapenda utafiti unaozisifu. Kama ushirikiano hauna makubaliano tangu siku ya kwanza kwamba matokeo yatatoka hata yakiuma, huo ni warsha na chai na vitumbua tu.

Mwaka 2023 tulikuwa na Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na polisi walikuwa sehemu kubwa ya kazi yake. Kupendekeza kumefanyika. Kupima ndiko kunakohitaji watu wenye daftari na subira, na hao wako Moshi hapahapa, barabara chache kutoka CCP. Ningekuwa na sauti ningeanza padogo: kufuata taarifa 100 zinazotolewa na watu wa Vunjo mwaka mzima, kuona kila moja iliishia wapi, na kurudi kuwasomea watu matokeo, kwa Kiswahili, kwenye mkutano uleule walikozitoa.