Mariana: Ardhi yakanusha kashfa ya 'Visiwa vya Wezi'

KWA takriban karne moja na nusu, Wazungu walivitaja visiwa 15 vilivyoko magharibi mwa Bahari ya Pasifiki kwa jina la aibu: Visiwa vya Wezi. Jina hilo lilitokana na ziara ya siku chache tu ya Ferdinand Magellan, baharia Mreno aliyeitumikia Uhispania, mnamo Machi 1521. Leo vinafahamika kama Visiwa vya Mariana. Kikubwa miongoni mwavyo ni Guam, na wenyeji wake ni Wachamoro.

Wachamoro wa kale hawakuacha vitabu. Yaliyoandikwa kuwahusu yalitoka kwenye kalamu za wageni, wengi wao wakiwa na bunduki au msalaba mkononi. Hata hivyo, waliacha vigae vya vyungu, mifupa ya wafu wao na nguzo za mawe. Wanaakiolojia wanapoufukua ushahidi huo, hadithi inayojitokeza ni tofauti kabisa na ile ya Magellan.

Mabaharia kabla ya mabaharia

Vigae vilivyopatikana Guam, Saipan na Tinian vyaonyesha kwamba watu walifika Mariana takriban miaka 3,500 iliyopita. Utafiti wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka wa 2021, kutokana na mifupa ya watu wawili waliozikwa Ritidian, kaskazini mwa Guam, ulielekeza asili yao Ufilipino. Hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 2,000 katika bahari kuu, iliyofanywa karibu miaka 3,000 kabla ya chombo chochote cha Ulaya kuivuka Pasifiki.

Hawakuja mikono mitupu. Utafiti mwingine wa Ritidian, uliotolewa mwaka wa 2025, ulibaini mabaki ya mpunga kwenye vigae vya kale pangoni, dalili kwamba walowezi wa kwanza walibeba nafaka hiyo kutoka walikotoka.

Lugha nayo yatoa ushahidi wake. Kichamoro ni cha ukoo mmoja na Kimalagasi cha Madagaska, jirani yetu katika Bahari ya Hindi. Tano kwa Kichamoro cha kale ilikuwa 'lima'. Kwa Kimalagasi ni 'dimy'. Vyombo vya Wachamoro vilikuwa na gogo jepesi lililofungwa ubavuni ili visipinduke, ufundi ambao mvuvi wa Pwani ya Kenya ataukumbuka akiitazama ngalawa yake, ijapokuwa ngalawa ina magogo hayo pande zote mbili.

Nguzo za latte

Karibu mwaka wa 1000 Baada ya Kristo, Wachamoro walianza kujenga juu ya nguzo za mawe ziitwazo 'latte'. Kila nguzo ilikuwa na sehemu mbili: 'haligi', yaani mhimili, na 'tasa', jiwe la mviringo lililokaa juu yake mithili ya bakuli. Nguzo zilipangwa safu mbili zikabeba nyumba ya miti na makuti. Katika kisiwa cha Tinian, zile za Nyumba ya Taga zilifikia kimo cha mita 4.6 hivi. Kisiwani Rota, machimbo ya As Nieves yangali na latte kubwa zaidi ambazo hazikuwahi kukamilika.

Wafu walizikwa chini ya nyumba hizo au kando yake. Kwa hivyo, latte si magofu tu. Ni makaburi ya mababu.

Mgeni aliyechoma nyumba

Magellan alitia nanga tarehe 6 Machi 1521, mabaharia wake wakiwa wamekaa zaidi ya miezi mitatu bila chakula kibichi. Wenyeji walipanda merikebuni, wakachukua vitu, ukiwemo mtumbwi mdogo. Antonio Pigafetta, mwandishi wa safari hiyo, asimulia kwamba Magellan alishuka na watu 40 wenye silaha, akachoma nyumba kati ya 40 na 50 na kuua watu saba. Wasomi wa Kichamoro hueleza kuwa katika mila zao kupeana ni wajibu wa pande zote mbili, na kwamba tukio hilo lilikuwa mgongano wa mila.

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Wachamoro, ilikuwa kinyume. Uhispania ilitangaza kuvimiliki visiwa hivyo mwaka wa 1565. Mwaka wa 1668 kasisi Mjesuti, Diego Luis de San Vitores, alianzisha misheni huko, na visiwa vikapewa jina la malkia Mariana wa Austria. Kasisi huyo aliuawa mwaka wa 1672, na mapigano yakaendelea hadi 1695. Wakazi wa visiwa vya kaskazini walihamishiwa Guam kwa nguvu na kukusanywa katika vijiji vyenye makanisa. Vita na maradhi mageni viliwapukutisha, hata mapema karne ya 18 wakabaki elfu chache tu.

Udongo umeyahifadhi mabadiliko hayo. Nyumba za latte zinakoma, na wafu wanaanza kuzikwa makanisani, kama makaburi ya kanisa la San Dionisio, Humåtak, yanavyodhihirisha.

Ushahidi hatarini

Uhispania ilipoteza Guam kwa Marekani mwaka wa 1898, na hadi leo jeshi la Marekani linamiliki sehemu kubwa ya ardhi yake. Ujenzi wa Camp Blaz, kambi ya wanajeshi iliyozinduliwa mwaka wa 2020, ulifukua mabaki ya vijiji vya kale na mifupa ya binadamu, jambo lililowakera wakazi wengi.

Hasira hiyo ina msingi. Wazungu walipotaka kulishikilia dai lao kuhusu wezi, walikuwa na kitabu cha Pigafetta. Ushahidi wa Wachamoro umo ardhini. Kitabu kikipotea chaweza kuchapishwa upya. Kaburi likishapitiwa na tingatinga, hakuna nakala ya pili.