Zaka ya Mnanaa

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jani dogo la bustanini, ambalo Bwana Yesu mwenyewe alilitaja kwa jina. Jani hilo ni mnanaa. Fungueni Injili ya Mathayo, sura ya 23, mstari wa 23, kisha Luka 11, mstari wa 42. Mtaona jinsi alivyowakemea watu waliotoa zaka hata ya mnanaa, huku wakiiacha haki na rehema.

Torati, katika Kumbukumbu 14, yataja zaka ya nafaka, divai na mafuta. Hayo ndiyo mazao ya shamba yaliyolisha taifa. Mafarisayo walitaka kuwa waangalifu kupita wote, wakaingia hata katika vijibustani vya jikoni. Katika Injili za Kiyunani mmea huu unaitwa kwa neno lenye maana ya harufu tamu. Wataalamu wengi wadhani ni mnanaa mwitu wa majani marefu, uotao hata leo kando ya vijito vya Palestina. Hebu mfikirini mzee mwenye heshima akihesabu majani hayo: tisa yangu, moja la Bwana.

Ili tulielewe neno hili vema, na tuujue mmea wenyewe. Mama wa Ndabibi, kule magharibi ya Ziwa Naivasha, chini ya mlima Eburru, aweza kuupanda bila gharama. Udongo wa pale umetokana na volkano, ni mwepesi, na maji hupita upesi. Mnanaa nao hupenda unyevu. Basi aupande karibu na mahali anapomwaga maji ya kuoshea mboga, penye kivuli cha alasiri. Akate kitawi chenye vifundo vitatu au vinne, aondoe majani ya chini, akitie katika gilasi ya maji. Baada ya wiki moja au mbili mizizi itaonekana. Lakini na aupande ndani ya debe kuukuu lililotobolewa chini, kwa maana mizizi yake hutambaa, na akiuachilia utameza sukuma wiki na vitunguu vyake vyote.

Namna ya kuutambua ni hii. Shina lake lina pembe nne. Liviringishe vidoleni utazisikia. Majani hukaa mawili mawili, yakitazamana, na kila jozi hukingama na jozi iliyo chini yake. Hata hivyo usitosheke na hayo. Mrihani na kivumbasi ni jamaa zake, nao wana shina la namna hiyo. Tena lantana, ule mmea wa ua wenye vijiua vya rangi nyingi, una pembe nne na majani yenye harufu kali, nao ni sumu kwa ng'ombe. Kwa hiyo sugua jani, ulinuse, na kama bado una shaka usilitie katika chai. Vuna asubuhi umande ukiisha kukauka, kabla ya maua kuchanua, kisha anika kivulini, kwa maana jua kali hufukuza harufu.

Sasa sikilizeni ajabu moja. Mnanaa ule mkali unaotia ubaridi katika peremende uliandikwa na mtaalamu John Ray huko Uingereza mwaka 1696. Mwaka 1753 Linnaeus wa Sweden aliupa jina la kitaalamu. Baadaye ikajulikana kwamba ni chotara wa minanaa miwili, ule wa majini na ule wa kawaida wa bustani. Kwa kuwa ni chotara, kwa kawaida hauzai mbegu. Kwa hiyo kila shina lake lililoko duniani ni kipande kilichokatwa katika shina jingine. Hakuna aliye nao asiyeupokea mkononi mwa mwingine.

Je, udongo wenyewe si vivyo hivyo? Nchi ile ya Naivasha ilikuwa malisho ya Wamasai. Tarehe 10 Agosti 1904 serikali ya Waingereza ilifanya mapatano na laiboni Olonana na wazee wenziwe, kwamba Wamasai waondoke Bonde la Ufa wapishe walowezi. Kwa malipo yake waliahidiwa kwamba Laikipia, pamoja na nchi nyingine kusini ya reli, ingekuwa yao maadamu taifa lao lipo. Ahadi hiyo haikutimiza hata miaka saba. Mwaka 1911 yaliandikwa mapatano mengine, wakahamishwa Laikipia nayo, wakapelekwa kusini. Wamasai walishtaki mahakamani. Shauri likatupwa, kwa hoja kwamba mapatano yale yalikuwa mkataba wa dola na dola, wala mahakama haikuwa na uwezo wa kuuamua. Sheria ilipimwa jani kwa jani. Haki ikabaki nje ya mlango.

Hapo Ndabibi Mzungu Gilbert Colvile alikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe, naye akafariki mwaka 1966. Siku hizi wako wakulima wa mashamba madogo, wa makabila mbalimbali, na kila mmoja ana mpaka wake na jirani yake.

Basi ndugu, tusiwanyoshee kidole Mafarisayo na wakoloni peke yao. Twaweza kuhesabu sadaka ya Jumapili mpaka senti ya mwisho, na kibarua aliyetupalilia viazi hajalipwa mwezi wa pili. Twaweza kuleta malimbuko madhabahuni kutoka katika hatua mbili za shamba tulizomega kwa mjane. Twaweza kugawia jirani mnanaa kwa furaha, na binti yetu tukamnyima urithi.

Angalieni, Bwana hakusema zaka ya mnanaa iachwe. Alitaka yale makuu yafanywe, na hayo madogo yasiachwe. Mwaminifu katika jani awe mwaminifu katika mpaka pia. Juma hili, kabla hatujapeleka sadaka, na tuulizane nyumbani mwetu: ni nani tunayemdai amani huku yeye anatudai haki? Twende kwake kwanza, tumlipe. Kisha tuchume mnanaa wetu, tumpikie chai, tukae naye.

Mungu atupe mioyo ya namna hiyo. Amina.