Njia zote zinaishia mujini



Kama unaishi Katuba na kazi yako iko Ruashi, unajua mateso: unapanda taksibisi paka mujini, unashuka, unapanda ingine. Unalipa mara mbili. Wengi tunasema ni kosa la mashofere. Lakini njia hiyo ilichorwa mbele baba zetu wazaliwe.

Reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, na mji ukaanza mwaka huo huo kwa jina la Elisabethville. Mwaka 1911 Union Minière ikaanza kuyeyusha shaba. Wabelgiji wakapima mji wa wazungu katikati, barabara zimenyooka. Weusi wakawekwa pembeni, na kati yao kukaachwa eneo tupu lililoitwa zone neutre. Walisema ni kwa kujikinga na magonjwa. Ajabu ni kwamba asubuhi mtu mweusi alihitajika apike, aandike, abebe mizigo. Usiku ndipo alipaswa kuwa mbali.

Kwanza kulikuwa Kamalondo, kisha Kenya, na mu miaka ya 1950 Katuba na Ruashi. Mji ulivyokua, mfanyakazi alisukumwa mbali zaidi. Watu wa Union Minière walikuwa na kambi karibu na kiwanda. Lakini boyi, karani na fundi walienda kwa miguu ao kwa kinga.

Kwa hiyo barabara ilikuwa na kazi moja: kuleta mikono asubuhi na kuirudisha jioni. Kuunganisha mtaa na mtaa haikuwa shida ya mkoloni. Mwaka 1966 jina likageuka Lubumbashi, ila mchoro ukabaki. Taksibisi nayo inafuata paka barabara inayoikuta.

Mimi niliyesoma kilimo naona hasara ingine. Lengalenga iliyokatwa alfajiri inanyauka upesi kwa jua. Mama anayelima pembeni ya mji akizunguka na kubadilisha gari, anafika soko na majani yamelala. Anauza kwa bei ya chini, na nauli yake ni ile ile.

Basi tusiombe tu magari mengi. Tuombe njia za kukata, kutoka mtaa paka mtaa, zenye mifereji ili mvua isizibebe.

Na wewe, ni njia gani ikifunguliwa kwenu haitakulazimisha tena kupita mujini? Tuandikie hapa chini.