Viini Ishirini

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, na watu wakiniuliza sababu huwa nasema karo. Ni kweli, lakini kisa chenyewe kina seva ndani yake.

Nilikuwa kwenye atachimenti katika sacco moja hapa Nairobi. Seva yao ilikuwa imezeeka, na mkubwa wa IT akanipa kazi ya kulinganisha kotesheni tatu. Nikachagua mashine yenye prosesa mbili, kila moja viini kumi. Tofauti ya bei na ile ya viini vichache ilikuwa ndogo, na mimi, kama kila mtu wa rika langu, niliamini viini vingi ndiyo poa. Kiini, kwa asiyejua, ni ile sehemu ya prosesa inayopiga hesabu zenyewe. Zamani prosesa moja ilikuwa na kiini kimoja. Leo simu uliyoshika pengine ina vinane.

Wiki tatu baada ya seva kuwashwa, mkubwa akaniita.

"Kijana, hii mashine uliyotuchagulia ina viini vingapi?"

"Ishirini, mkubwa," nikajibu, kifua mbele.

Akanigeuzia skrini. Kampuni iliyotuuzia programu ya hifadhidata ilikuwa ikilipisha kwa prosesa katika toleo letu la zamani. Katika toleo jipya ilikuwa inalipisha kwa kiini. Leseni zetu mbili zilikuwa zimegeuka ishirini, na bili ilizidi bei ya seva yenyewe.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia nani alianzisha hesabu hii.

Mwanzoni programu haikuwa na bei yake. Ukikodi kompyuta ya IBM miaka ya sitini, programu zilikuja nayo, vile gari huja na jeki na spana. Januari 1969 serikali ya Marekani iliishtaki IBM kwa ukiritimba, na Juni mwaka huohuo kampuni ikatangaza kwamba itaanza kuuza programu nyingi kivyake. Hapo ndipo swali likazaliwa: programu unaipimaje? Haina kilo wala mita, na ukiinakili haipungui. Wauzaji wakatafuta kitu kinachohesabika. Wengine wakahesabu watumiaji, wengine mashine, na wale wa programu kubwa za biashara wakahesabu prosesa. Ilikuwa hesabu ya amani. Kila mwaka prosesa zilizidi kuwa na kasi, mteja akapata nguvu zaidi kwa leseni ileile, na hakuna aliyeteta.

Kisha joto likaharibu mambo. Ukizidisha kasi ya kiini, kinachemka. Mwaka 2004 Intel iliitupa prosesa iliyokuwa ikiundwa kwa jina la Tejas, na Oktoba ikaacha pia mpango wa Pentium 4 ya gigahezi 4. Badala ya kiini kimoja chenye mbio, wahandisi wakaweka viwili pamoja. IBM ilikuwa imeshafanya hivyo na POWER4 mwaka 2001. AMD ikaleta Opteron ya viini viwili Aprili 2005.

Sasa hiyo ni prosesa moja au mbili? Ni kama landilodi wa Roysambu anayekuta umegawa bedsita kwa plaiwudi ukamkaribisha binamu yako. Alipishe nyumba moja au mbili?

Microsoft ilisema moja, Oktoba 2004, kabla hata chipu hizo hazijafika madukani. Oracle ilisema mbili. Hifadhidata yake ya Enterprise ilikuwa dola 40,000 kwa prosesa kwenye orodha ya bei, kwa hivyo jibu hilo halikuwa la mchezo, hasa kwa vile viini viwili havikupi kasi mara mbili. Wateja wakapiga kelele. Julai 2005 Oracle ikashuka: kila kiini kihesabiwe robo tatu. Desemba ikatoa jedwali: viini vya Intel na AMD nusu, vya Sun UltraSPARC T1, iliyokuwa na viini vinane, robo. Mwaka uliofuata IBM nayo ikabuni vipimo vyake, kila aina ya kiini na pointi zake. Mimi hilo jedwali hunichekesha bado. Kuna mtu aliketi ofisini akaamua kiini fulani ni robo ya kitu.

Ile ahadi ya Microsoft ilidumu miaka michache tu kwa upande wa hifadhidata. SQL Server 2012 ikaja na bei kwa kiini, na lazima ulipie angalau vinne kwa kila prosesa. Toleo la Enterprise lilikuwa dola 6,874 kwa kiini kwenye orodha. Viini vinne, dola 27,496. Viini kumi, 68,740. Windows Server ikafuata 2016. VMware ilivumilia hadi AMD ilipotoa Epyc ya viini 64, Agosti 2019. Februari 2020 ikatangaza kwamba leseni moja mwisho wake viini 32.

Kisha mambo yakapinduka: mashine zikaanza kuitii leseni. Aprili 2020 AMD ilitoa Epyc 7F32 yenye viini vinane tu lakini vya kasi. Azure wanakukodishia mashine yenye kumbukumbu ileile na viini vilivyopunguzwa makusudi, ili bili ya programu ishuke. Mtu analipia chache ili asilipie nyingi.

Nilimuuliza mkubwa kuhusu PostgreSQL, ambayo ni ya bure na haihesabu chochote. Akatabasamu. Programu ya mikopo ilikuwa imejengwa juu ya ile nyingine, na walioijenga hawakuwa tayari kuigusa.

Muuzaji alikataa seva irudishwe. Mwishowe tuling'oa prosesa moja, sacco ikalipia viini kumi, na pesa zikatoka kwenye bajeti ileile iliyokuwa na mkataba wa miezi sita niliokuwa nimeahidiwa. Karo yangu ilikuwa humo. Mkubwa hakunifokea. Alininunulia lanchi, akakiri hata yeye hakuwa amesoma masharti. Siku yangu ya mwisho niliiona ile prosesa kwenye droo yake, imefungwa kwa karatasi ya kaki, viini kumi vizima, karibu na stepla.