Fimbo za Koitalel: Kitu cha Marehemu ni cha Nani?

Wasee, leo tuongee kuhusu vitu vya marehemu. Si shamba wala ploti, hayo tuwaachie mawakili. Naongea kuhusu vile vitu vidogo: saa ya mkono, kofia, bakora, kiondo. Ukivipeleka sokoni hupati hata nauli ya kurudi, lakini vinaweza kufanya ndugu wasisalimiane mwaka mzima.

Swali langu ni moja tu. Kitu kama hicho kinafaa kwenda kwa nani? Wengi watajibu haraka: kwa mtoto wake, si ni damu? Mimi naona historia inatupa jibu tofauti, na mfano uko hapa hapa kwetu, kule Nandi.

Turudi nyuma kidogo. Kuanzia 1895 hadi 1906 Wanandi walipigana na Waingereza. Reli ilikuwa inapita kwao bila ruhusa yao, nao wakawa wanang'oa vyuma na kukata nyaya za simu. Aliyewaongoza ni Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wao, yaani kiongozi wa kiroho ambaye hata vita havikuanza bila baraka yake. Tarehe 19 Oktoba 1905 aliitwa kwenye mkutano wa amani. Akaenda. Afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen, akampiga risasi hapo hapo mkutanoni, na watu aliokuja nao wakauawa pia. Jeshi lilichunguza, likamwondolea lawama, lakini 1906 akaondolewa Afrika Mashariki. Fimbo za Koitalel zikaenda Uingereza.

Sasa elewa kitu. Fimbo ya Orkoiyot si ile ya kuchungia ng'ombe. Ni alama ya kazi yake, kama vile leo ungeona rais ameshika rungu. Kwa Mnandi, kupotea kwa fimbo zile kulikuwa ni sehemu ya kifo chenyewe. Lakini kule Uingereza zilikuwa kitu kingine kabisa: kumbukumbu za mzee, vitu vya baba kutoka siku zake za Afrika. Meinertzhagen alikufa 1967, na fimbo zikabaki na familia.

Halafu 2006, karibu miaka 101 baada ya ile risasi, mtoto wake akazitoa zirudi Nandi. Leo ziko kwenye jumba la makumbusho la Koitalel pale Nandi Hills, na mtoto wa shule anaweza kusimama mbele yake na kusoma jina analolijua.

Najua kuna mtu ashaanza kukasirika. "Eti mwizi akirudisha ulichoibiwa, tumpigie makofi?" Uko sawa, buda. Hiyo haiitwi zawadi, inaitwa kurudisha. Haimfufui Koitalel, na Wanandi mpaka leo wanadai kichwa chake, ambacho wanasema kilikatwa kikapelekwa Uingereza. Deni bado liko. Lakini huyo mtoto hakupiga risasi. Yeye alirithi kitu, na akajiuliza swali ambalo watu wengi hukwepa: je, kuna mtu ambaye kitu hiki kinamhusu kuliko mimi?

Si yeye peke yake. Mwaka 1897 jeshi la Uingereza liliteketeza mji wa Benin, ambao leo uko Nigeria, na kubeba sanamu na vyombo vya kasri kwa maelfu. Afisa mmoja, Herbert Walker, alirudi nyumbani na vitu kadhaa. Vipande viwili, ndege wa shaba na kengele, vikaishia kwa mjukuu wake, daktari aitwaye Mark Walker. Mwaka 2014 alipanda ndege mwenyewe akavipeleka Benin kwenye kasri la Oba. Hakungoja serikali wala kamati. Aliona tu kwamba vina maana zaidi kule kuliko sebuleni kwake.

Linganisha na nywele za Mfalme Tewodros wa Ethiopia, zilizokatwa alipokufa Maqdala mwaka 1868. Familia iliyokuwa nazo Uingereza nayo iliamua kuzitoa, lakini ikazipeleka kwenye jumba la makumbusho la jeshi, London. Wahabeshi walizipata 2019. Kwa hivyo kutoa peke yake hakutoshi. Inategemea unampa nani.

Hapo ndipo mambo yanatugusa sisi wa mtaani. Shosho yangu alipofariki, aliacha kiondo ambacho hakukimaliza kusuka, uzi bado unaning'inia. Wajukuu sote tulikitaka, na ukweli ni kwamba kingeishia kuwa pambo la ukutani Umoja au Rongai. Mamangu akakipeleka kwa jirani, mama mmoja ambaye alikuwa akisuka na shosho chini ya mwembe kila jioni. Binamu zangu walinuna. Yule mama alikishika, akaangalia mishono, akasema, "Hapa ndipo mkono wake ulianza kuuma." Hakuna hata mmoja wetu wa damu angeweza kusoma hiyo.

Kwangu mimi hicho ndicho kipimo. Damu inakupa haki ya kuamua, sikatai. Lakini haikupi uwezo wa kukielewa kitu. Fimbo zilikaa Uingereza miaka mia moja, na kule zilikuwa mbao. Nandi ni uongozi uliokatizwa. Mwenye kitu ni yule ambaye akikiona, anaweza kukwambia kilikuwa kinafanya kazi gani na nani alikishika.

Basi kabla hamjaanza kugawana kwa kufuata nani kifungua mimba na nani kitinda mimba, ulizeni kwanza. Biblia ya guka iliyojaa alama za kalamu, labda ni ya yule mzee waliyesoma naye kila Jumapili. Filimbi yake, labda ni ya kijana aliyemfundisha kuipiga. Na ulizeni mapema, wakati watu wanaojua bado wapo. Wanandi walikuwa na bahati moja, kwamba miaka 101 baadaye bado kulikuwa na watu wanaokumbuka fimbo zile ni za nani. Vitu vingi vya nyumbani kwetu havitangoja hivyo.

Niambie: kwenu kuna kitu gani, na ni nani nje ya familia anayekijua kuliko nyinyi?